Simbilisi Waliokaa Matanga

Mwezi uliopita tulimzika shangazi yetu, na kesho yake wajukuu wake wakakalishwa uani kwenye kigoda, mmoja baada ya mwingine, wakanyolewa. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Maji, povu la sabuni ya mche, nywele zilizolowa zikianguka mabegani: harufu yake haifanani na nyingine yoyote. Si mbaya. Ni kama harufu ya mvua iliyoingia ndani ya nyumba. Mtoto wa mwisho alipoinamisha kichwa, nikakiona kisogo chake kilivyo kidogo, nami nikalitua beseni chini, nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka pumzi inirudie. Watu walidhani namlilia shangazi. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimewaona tena simbilisi wetu.

Sidhani kama wengi wa rika langu hapa Dabaso waliwahi kufuga simbilisi. Ni mnyama mdogo, mnene kama muhogo uliokatwa, hana mkia, ana masikio laini yaliyolala kichwani kama jani. Wetu waliletwa na mama. Alikuwa akipika na kufua katika nyumba moja ya wageni upande wa Watamu, na wenye nyumba walipofunga virago kurudi kwao Ulaya, watoto wao walililia wanyama wao mpaka mama akasema, basi niacheni mimi niwatunze. Akaja nao katika kikapu, amekifunika kwa leso. Mmoja alikuwa wa rangi ya hudhurungi, akamwita Kunazi. Mwingine mweusi wa kung'aa, akamwita Zambarau. Wote majike.

Jirani yetu Mama Rehema alikuja kuchungulia akiwa bado ameshika mwiko.

"Jirani, umechoka kufuga kuku, sasa wafuga panya?"

"Hawa si panya. Wametoka Ulaya."

"Panya ni panya, hata awe na paspoti."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nakikumbuka kicheko hicho kuliko ninavyoikumbuka sura yake.

Aliwawekea tundu la zamani la kuku jikoni, karibu na mlango, na kila jioni alipotoka kazini, kwa wazungu wengine walioichukua nyumba ile, aliwaletea mabaki ya jikoni: vipande vya pilipili hoho, maganda ya machungwa, mashina ya giligilani. Simbilisi waliijua saa yake. Kabla sisi hatujasikia kandambili zake, wao walikwisha kusimama mlangoni mwa tundu, pua juu, wakipiga mbinja kali, wii, wii, wii, nasi ndipo tulipojua kwamba ni wakati wa kupuliza moto.

Baba tulikwisha kumzika wakati Sidi, mdogo wetu wa mwisho, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama naye alikufa kwa homa iliyoanza kama homa nyingine yoyote. Mimi nilikuwa darasa la saba. Katana, anayenifuata, alikuwa bado ni mtoto wa kupanda miti na kushuka na suruali iliyochanika, na Sidi alikuwa hajaanza kung'oka meno.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Kilifi kuwasimamia wanawake msibani. Ndiye aliyetunyoa. Kwetu wana na wajukuu wa marehemu hunyolewa, na yeye alitufanyia kwa mkono mwepesi, akizungumza nasi polepole huku wembe ukipita. "Nywele hizi zilimwona mama yenu," alisema. "Zinakwenda naye. Zitakazoota ni zenu. Msizipake mafuta, msizichane, msizishikeshike. Ziacheni zije kwa wakati wake." Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuyashika maneno hayo vizuri, na mdogo kiasi cha kuyaamini yote.

Matanga yalipovunjwa, nguo za mama zikatandazwa mkekani zigawanywe miongoni mwa ndugu, kama ilivyo desturi. Ilikosekana moja, leso nyekundu aliyojifunga siku zake za mwisho, iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakafutika.

"Ile nyekundu iko wapi?" shangazi aliuliza. "Nilikuwa nimeiwekea nia."

"Huenda amezikwa nayo," mtu akasema.

Katana aliinua macho akayatazama makuti ya paa kama mtu anayetafuta tundu la kuvuja. Nikajua. Baadaye nilimkuta jikoni. Alikuwa ameisokomeza leso yote ndani ya tundu la simbilisi, akaifunika kwa majani. "Hapa hakuna mtu atakayetia mkono," aliniambia, na kweli hakuna aliyetia. Sikumgombeza. Niliingiza uso wangu tunduni, nikavuta pumzi. Mama alikuwa mle: moshi wa kuni, mafuta ya nazi, jasho la kazini.

Lakini nguo hazikuwa kitu pekee kilichogawanywa. Katana alitakiwa aende Takaungu kwa baba mdogo, Sidi aende Kilifi kwa shangazi, na mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi Malindi, upande wa Shella. Nilisema hapana. Sijui nilipata wapi sauti.

"Nitawaangalia mimi."

"Wewe?" shangazi alisema. "Wewe mwenyewe wataka kuangaliwa."

"Chakula napika mimi tangu zamani. Maji nachota mimi. Mama Rehema yupo hapo. Shangazi, usitutawanye."

Alinitazama kichwa changu kilichonyolewa, akaguna. Alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. "Haya. Kaeni. Lakini siku nitakayokuja nikakuta mambo yamekwenda kombo, nawachukua, na sitaki kilio." Hivyo ndivyo nilivyoacha shule. Nikaanza kukaanga viazi vya karai mlangoni na kuwafulia watu nguo. Kila asubuhi nilipofungua macho, nilihesabu vichwa viwili vilivyolala kando yangu mkekani kabla sijafanya jambo lolote. Kitanda cha mama tulikiacha kama kilivyokuwa. Hakuna aliyelala juu yake.

Kisha jioni moja saa kumi, saa aliyokuwa akirudi mama, nikiwa namenya viazi, simbilisi wakapiga mbinja.

Nilitoka nikatazama njia. Kulikuwa na mchanga, kuku wa Mama Rehema, na joto. Hakuna mtu. Niliporudi ndani walikuwa bado wamesimama, pua juu, wameuelekea mlango, na macho yao yote manne yametulia mahali pamoja, kwa kimo cha mtu mzima. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, saa ile ile. Leo najua kwamba mnyama huizoea saa ya kulishwa hata mlishaji akiwa hayupo. Siku zile hakukuwa na wa kuniambia. Sidi ndiye aliyeamua maana yake. Mbinja zilipoanza, aliacha mchezo wake, akaja akasimama mbele ya mlango ulio wazi, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama." Akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, kisha akarudi kucheza.

Sikumkataza. Niliogopa kumkataza, na niliogopa zaidi kusimama mahali alipokuwa amesimama yeye.

Nywele zikaanza kuwatoka simbilisi muda si mrefu baadaye. Kwanza nyuma ya mabega, halafu mgongoni, mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu, kama ya kifaranga.

"Dada," Katana alisema, "nao wananyolewa."

"Na nani?"

"Na mama. Si huja kila siku?"

Kila kitu kilikubaliana. Sisi tulinyolewa na shangazi, wao wakanyolewa na mama mwenyewe. Walikuwa wamekaa matanga. Nami nikafanya kama nilivyofundishwa: nikawakataza wadogo zangu kuwashikashika, kuwaosha, kuwapaka kitu. Sikubadilisha majani waliyolalia. Nikafunika tundu kwa gunia ili wawe na stara yao, kama wafiwa wanavyowekwa ndani wasitazamwe na kila mpita njia. Majani niliyowapa yalikuwa ukoka mkavu wa kando ya barabara, maana pilipili hoho na machungwa zilikuwa za mama, nami sikuwa na jikoni la mzungu la kuokota mabaki.

Vichwa vyetu vikaota nywele. Migongo yao haikuota. Ngozi ikafanya magamba, magamba yakapasuka, wakajikuna mpaka damu. Nikaanza kuwaza jambo lililoniogopesha: kwamba labda wao wanamkumbuka kuliko sisi. Kwamba sisi tumekwisha kuanza kuota nywele zetu wenyewe, na wanyama wa kuletwa kwa kikapu ndio waliobaki waaminifu. Jioni nilikuwa nikilifunua gunia kidogo, kila mmoja wetu akavuta ncha ya leso akainusa kwa zamu, kisha tukalirudisha. Sidi hakutosheka na kunusa. Mara nyingi nilimkuta amelala chini kando ya tundu, mikono yake yote miwili imo ndani mpaka mabegani, amewakumbatia na leso yao.

Shangazi akaja. Bintiye alikuwa amejifungua Malindi, naye alikuwa njiani kwenda kumkanda, akapita kututazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mtoto ajikuna hivi?"

Alimvuta Sidi mpaka penye mwanga, akamfunua mikono. Vipele vyekundu vilikuwa vimemjaa, mikononi, tumboni, hadi shingoni. Shangazi alifuata harufu mpaka jikoni, akaliondoa gunia.

Mwanga ulipowaingia, Zambarau alishtuka, akaanguka ubavu. Miguu ikapiga hewani, kichwa kikapinda nyuma, macho yakatoka. Degedege. Nilikuwa nimeiona mara moja au mbili, lakini sikuwa nimeiona nikiwa na mtu mzima kando yangu, na uso wa shangazi ndio ulionionyesha ilivyo ya kutisha.

"Yesu wangu," alisema, akarudi nyuma. "Hawa wamepatwa na nini?"

"Wamwona mama," Sidi akajibu. "Huja saa kumi."

Shangazi akaniita nje, akanena kwa sauti ya chini kana kwamba kuta zina aibu ya kusikia. "Mama yenu hajatulia. Hii ni koma yake, mzimu wake, yazunguka nyumba yataka kitu, na ikikosa kwa mnyama itakwenda kwa mtoto. Imeshaanza kwenda kwa mtoto. Mie naenda Malindi kumkanda mzazi. Nikirudi napita hapa. Wanyama hao nisiwakute, na Sidi mfungie nguo zake. Katana tutamwita baba yake mdogo aje amchukue."

"Na akipona, shangazi?"

"Akipona nini?"

"Sidi akipona mwili. Na nyumba ikiwa sawa."

"Mwanangu, mambo haya si ya kupona. Ni ya kutolewa."

"Lakini akipona?"

Alijitwika mzigo wake. "Nitaona kwa macho yangu," alisema.

Mama Rehema, ambaye ukuta wake haukumzuia kusikia chochote, alikuja na chupa. "Wapake mafuta ya taa. Mbwa wa marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi, akapona."

"Mbwa mwenyewe yuko wapi?" Katana aliuliza.

"Alikufa."

"Si umesema alipona?"

"Alipona upele. Alikufa na mengine. We mtoto una maneno!"

Nilichovya kitambaa, nikaanza na Zambarau kwa sababu ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa kiumbe mwingine tangu siku hiyo. Degedege ikamshika mikononi mwangu, ikamwachia, ikamshika tena, na jua lilipoanza kushuka alikuwa amekufa, amenyooka, mwepesi kama kifuu. Kunazi sikumgusa kwa kile kitambaa.

Tulimfukia nyuma ya jiko. Katana alichimba. Sidi alisimama amekunja mikono yake yenye vipele, na tulipomaliza aliingia ndani, akarudi na wembe wa shangazi uliobaki dirishani.

"Ninyoe," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Zambarau amemfuata mama. Tuna msiba."

"Nywele zako bado fupi mno, Sidi."

Alizipapasa. "Basi ngoja zikue," alisema, akauweka wembe kando yangu, karibu, ili nisiusahau.

Nilimwangalia mdogo wangu, nikaona kwamba kwetu matanga hayakuvunjwa. Watu walikunja mikeka wakaenda zao, lakini sisi tulikuwa bado ndani yake, na mimi ndiye niliyekuwa nayalinda kwa gunia. Kama mama alikuwa anataka kitu, sikuamini tena kwamba alitaka hiki. Asubuhi nilimtia Kunazi kikapuni, nikamwacha Sidi kwa Mama Rehema, nikatembea mpaka Gede.

Sokoni kulikuwa na duka la dawa za mifugo, na siku za gulio alikaa hapo daktari wa mifugo, mtu wa makamo aliyevaa buti za mpira, mikono yake inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbele yangu kulikuwa na mzee mwenye mbuzi.

"Daktari, maliza mbuzi kwanza," mzee alisema alipochungulia kikapu changu. "Hicho ni kitoweo cha paka."

"Mbuzi wako anacheua hapo, hana haraka," daktari alijibu. Akamtoa Kunazi kwa mikono miwili, akamweka mezani juu ya gunia safi. "Huyu ni nani?"

"Simbilisi."

"Simbilisi namjua. Jina lake?"

"Kunazi."

"Kunazi, pole, mama. Pole sana." Aliyapapasa yale magamba kwa kidole. Alikwangua kidogo, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa. "Upele. Wadudu wenyewe huwezi kuwaona kwa macho matupu. Wamechimba ndani ya ngozi, wamefanya makao. Ameanza lini?"

"Mama alipokufa."

Aliinua macho. Sikukusudia kusema zaidi, lakini nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimweleza kunyolewa kwetu, na kunyolewa kwao, na saa kumi, na gunia, na Zambarau, na kwamba shangazi angekuja kumchukua Sidi. Mzee wa mbuzi alikuwa ameacha kutafuna ugoro. Daktari hakucheka.

"Mama alipokuwa hai walikula nini?" aliuliza.

"Hoho. Maganda ya machungwa. Giligilani, mchicha."

"Na sasa?"

"Ukoka mkavu."

"Ahaa." Alimfunika Kunazi mgongo kwa kiganja chake. "Mnyama huyu ana shida moja. Mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini iliyomo kwenye machungwa na mboga. Lazima alishwe kila siku. Akiikosa anadhoofika, na wadudu waliokuwa wamelala kwenye ngozi, labda tangu huko Ulaya, wanaamka."

Nilifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni kwa sababu mama hayupo."

Nadhani daktari alikuwa anatafuta njia ya kunikosoa, asiipate. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Kwa njia hiyo, ndiyo."

Alimpiga sindano ndogo chini ya ngozi, dawa ile ile ya mbuzi aliyoizimua sana. Aliniambia nimrudishe wiki iliyofuata, na tena baadaye, kwa sababu dawa yaua wadudu lakini haiui mayai, na mayai yakianguliwa kazi yote huanza upya. Kuhusu Sidi alisema wadudu wa simbilisi humuuma mtu lakini hawawezi kuishi kwake. Akikaa mbali mpaka mnyama apone, vipele vitaondoka, na visipoondoka nimpeleke zahanati. Mafuta ya taa aliyasikia akasema tu, "Usirudie." Kisha, nikiwa tayari nimefunga kikapu, akauliza, "Tunduni wanalalia nini?"

"Leso."

"Ichome. Au ichemshe sana, na gunia, na kila kitu. Wadudu wamejaa humo. Usipofanya hivyo sindano yangu ni bure."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta hila ya kuiokoa leso, na hila haikuwepo.

Niliazima sufuria kubwa ya msibani kwa Mama Rehema, nikawasha kuni uani. Katana alipoona nilichoshika alikuja mbio, akaikamata ncha ya leso.

"Usiichemshe!"

"Daktari amesema."

"Itatoka harufu. Dada, itatoka yote!"

"Najua."

"Usimchemshe mama!"

Alivuta, nami nikavuta. Mimi nilikuwa na nguvu zaidi. Ndiyo sababu pekee. Niliitumbukiza majini nikaishindilia kwa mwiko, na alipojaribu kutia mkono kwenye maji yanayochemka nilimsukuma akaanguka mchangani. Hakuinuka. Alikaa pale pale akitazama. Na mvuke ulipopanda, kwa muda mfupi sana, harufu ya mama ilijaa uani, moshi na nazi na jasho, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa alipokuwa hai, kana kwamba alikuwa amesimama katikati yetu na leso yake mwilini. Mama Rehema alitoka mlangoni kwake akasimama, mkono mdomoni. Sidi akaacha kujikuna. Kisha upepo ukapita, na kilichobaki kilikuwa harufu ya nguo iliyochemshwa.

Katana hakusema nami siku nyingi. Lakini jioni ile ile alitoweka, na aliporudi alikuwa na mfuko wa maganda ya machungwa aliyoomba kwa muuza juisi barabarani. Akauweka mlangoni bila kunitazama. Alileta kila siku. Nilisugua tundu kwa maji ya moto, nikalianika juani, nikamlaza Kunazi kwenye majani mapya, nikayabadilisha na kuyachoma yale ya zamani. Nilimpeleka Gede mara ya pili na ya tatu. Sidi alilala kwa Mama Rehema, na kila asubuhi nilimkagua mikono kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

Magamba ya Kunazi yalidondoka. Chini yake palikuwa na ngozi safi, na juu ya ngozi, siku moja niliyomgeuza kwenye jua, vinywele laini kama ukungu. Mbinja zake zilirudi, lakini hazikuwa tena za saa kumi. Alilishwa asubuhi, alilishwa mchana, alilishwa wakati wowote Katana alipopata maganda, naye akampigia mbinja yeyote aliyechakarisha mfuko. Sidi alisikiliza jioni mbili tatu, akasimama mlangoni, hakusikia kitu, akaacha kwenda.

Shangazi alirudi akiwa na mzigo wa samaki wakavu kutoka kwa mkwewe. Alimfunua Sidi mikono, akamgeuza huku na huku, akamwangalia mpaka katikati ya vidole. Alimtazama Kunazi kwa mbali. Kunazi akampigia mbinja, akaruka.

"Huyu ni yule yule?"

"Ni yule yule, shangazi."

"Nitalala hapa leo," alisema. "Nataka kuijua nyumba hii."

Nilimtandikia kitanda cha mama, kwa sababu hatukuwa na kingine. Nilikitandika kwa leso nyekundu. Aliitambua papo hapo, akapiga kofi. "Kumbe ni nyinyi mlioniibia! Nami nimemshuku mke wa baba yenu mdogo mpaka leo!" Alicheka, kisha akaileta usoni, akanusa, kicheko kikamwisha. Aliitandaza mwenyewe.

Asubuhi alikunywa chai kwenye kizingiti. Nilikuwa nimefunga nguo za Sidi tangu jana, kifurushi kiko nyuma ya mlango, maana aliniambia nifunge nami nilikuwa mtoto wa kutii. Aliteremsha kikombe. "Sikusikia kitu," alisema. "Hakuna mtu nyumbani humu isipokuwa nyinyi. Kaa na wadogo zako."

Katana alimkamata Sidi wakaanza kuruka kama wendawazimu, na Katana akasahau kwamba alikuwa hasemi nami, akaniita dada mara tatu. Mimi nilijitwika samaki wa shangazi, nikamsindikiza. Nilikuwa nimepata kila nilichotaka. Nilitembea nyuma yake kwenye ile njia ya mchanga, nikaona kifua changu kimekuwa kitupu kama nyumba aliyoisema. Tulipofika barabarani nikashindwa kujizuia.

"Hata kidogo, shangazi?"

"Hata kidogo nini?"

"Hukusikia hata kidogo?"

Aligeuka. Nadhani alitaka kunigombeza. Badala yake alinishika kichwa, kiganja chake juu ya nywele zangu mpya, akakiacha hapo.

"Nilikesha, mwanangu," alisema. "Nilikesha nikisikiliza. Na mimi nilikuwa namtaka."

Tukasimama tukitazama upande wa Malindi, mpaka gari la Kilifi likatokea. Nikampa mzigo wake, naye akapanda peke yake.